Kwa nini Yeti wa Everest hasogei

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Florida na familia yangu. Majuzi tulimpeleka mwanangu wa miaka tisa kwenye bustani ya burudani ya Disney's Animal Kingdom, tukapanda ile rola kosta ya Expedition Everest. Foleni nzima alikuwa akisoma vibao vinavyoeleza habari za Yeti, lile dubwana la hadithi za milima ya Himalaya, amejiandaa kabisa kutishwa. Mwishoni tukapita chini ya lile dubwana: limesimama kama nguzo, taa zinamwekamweka, basi. Mtoto akaniuliza, "Mama, mbona hakutufukuza?" Tuliposhuka nikasikia mashabiki wanabishana. Mmoja anasema msingi wake umepasuka. Wa pili anasema ni ubahili tu wa kampuni. Wa tatu anasema yule Yeti ana nguvu kushinda ndege ya Boeing 747, akiwashwa atabomoa mlima. Nani msema kweli? Kampuni yenye fedha zote hizo inashindwaje kutengeneza kitu kimoja kwa karibu miaka ishirini? Na je, ni salama kupita chini yake?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na huyo mjukuu wangu msalimie sana. Mtoto anayesoma vibao vyote vya foleni kabla hajapanda ana jicho la fundi.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo la mzazi. Kwa upande wa Yeti, usiwe na wasiwasi. Ule mlima kwa nje unaonekana kitu kimoja, lakini ndani yake mna vitu vitatu vilivyosimama kila kimoja kwa miguu yake: mlima wenyewe, reli ya treni, na mnara unaombeba Yeti. Waliubuni hivyo kwa makusudi, vyuma vya kimoja visiguse vya kingine, ili mtikisiko wa treni usipasue miamba ya saruji na mtikisiko wa Yeti usifike kwenye reli. Treni yenu haikupita juu ya chuma hata kimoja kinachombeba yule mnyama. Tena mashine kubwa iliyozimwa ni mzigo uliotulia, kama kontena lililopangwa bandarini. Hatari ya mashine ya namna ile iko kwenye mwendo wake, na mwendo ndio walioukata.

Sasa tuje kwenye ubishi. Wa kwanza yuko karibu na ukweli kuliko wenzake. Wa pili ana robo ya haki. Wa tatu ametaja hesabu iliyo sahihi lakini hakuielewa, na nitaanza naye kwa sababu ukishamwelewa yeye utaelewa yote.

Kwanza tukumbushane tunazungumzia nini. Expedition Everest ilifunguliwa rasmi tarehe 7 Aprili 2006. Gharama inayotajwa ni dola milioni 100, na kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuiorodhesha kama rola kosta ya gharama kubwa kuliko zote duniani. Reli ilitengenezwa na kampuni ya Vekoma ya Uholanzi. Mlima una urefu wa futi 199 na nusu, kama mita 61 hivi. Hiyo nusu futi iliyopungua ina sababu yake: ukifika futi 200, kanuni za usafiri wa anga za Marekani zinakudai taa ya tahadhari kileleni, na taa nyekundu inayowakawaka juu ya Himalaya ingevuruga hadithi yote.

Aliyeongoza ubunifu ni Joe Rohde, yule yule aliyeongoza ubunifu wa Animal Kingdom nzima iliyofunguliwa mwaka 1998. Bila shaka mlipita Harambe, kile kijiji chenye vibao vya Kiswahili na kuta zinazofanana na za Lamu. Hiyo nayo ni kazi ya timu yake. Kwa Everest walisafiri hadi Nepal, wakarudi na kujenga kijiji cha kubuni cha Serka Zong chini ya mlima, na ndani ya foleni wakaweka ile makumbusho ya Yeti aliyoisoma mjukuu wangu: nyayo, picha, masimulizi ya watu wa milimani wanaomheshimu Yeti kama mlinzi wa mlima. Treni inapanda, inakuta reli imeng'olewa, inarudi kinyumenyume gizani, mnaona kivuli chake ukutani. Kila kitu tangu lango la kuingilia kinakuandaa kwa zile sekunde chache za mwisho utakapomwona uso kwa uso. Kwa hiyo wanaolalamika hawalalamikii taa iliyoungua kwenye kona. Hadithi imetangazwa kwa urefu wote huo, kisha mwisho wake hauji.

Na mwisho ulikuwepo. Miezi ya mwanzo, treni ilipoingia pango la mwisho kwa kasi, Yeti alikuwa akijitupa mbele na mkono wake ukishuka kuelekea vichwa vya abiria. Ni sanamu la futi 25 hivi, zaidi ya mita 7, lililoweza kwenda futi 5 kwa mlalo na inchi 18 kwa wima. Kabla mwaka ule wa kwanza haujapita mbali, likasimamishwa, likawekwa kwenye kile wafanyakazi wa bustani hizo wanachokiita "hali B": mpango wa akiba, ambapo mnyama hasogei na kazi yake inafanywa na taa za kumweka. Ndipo mashabiki wakampa jina la Yeti wa disko.

Haya, nguvu ya ndege. Inayotajwa ni kwamba silinda zote za haidroliki za Yeti, ukizijumlisha, zina uwezo wa kusukuma kwa pauni 259,000, yaani tani 117 na kitu. Injini nne za Boeing 747-400 zikijumlishwa zinatoa nguvu iliyo chini ya hapo kidogo. Kwa hiyo huyo bwana hakudanganya. Lakini nenda gereji yoyote ya malori, iwe Changamwe au Tabata, utakuta pembeni presi ya kung'olea beringi ya tani 50, pengine ya tani 100, kijana wa miaka kumi na tisa anaipampu kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Hakuna anayesema presi ile inaweza kurusha ndege. Mafuta yakibanwa ndani ya silinda nene yanatoa nguvu kubwa mno kwa urahisi, ila kwa mwendo mdogo na polepole. Injini ya ndege inasukuma tani zake huku ikikimbia angani mamia ya kilomita kwa saa. Kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Isitoshe, silinda za Yeti hazisukumi upande mmoja: moja iko begani, nyingine kiwiko, nyingine shingo, nyingine kiuno. Hakuna siku ambayo tani zote 117 zingeusukuma mlima kwa pamoja.

Kinachotisha kwenye mashine ile ni kusimama. Nikupigie hesabu ndogo. Chukua mkono wa tani moja, nasema tani moja ili hesabu iwe nyepesi, unaokwenda mita mbili kwa sekunde. Usimamishe ndani ya sehemu ya tano ya sekunde, kama mnyama anavyokwepua kitu. Nguvu inayohitajika kuusimamisha inakaribia kulingana na uzito wake wote: ni kama umeongeza tani nyingine, ila hii haikandamizi chini, inasukuma kwa ubavu. Nguvu hiyo haipotei. Inatoka mkononi inaingia begani, inatoka begani inaingia kiunoni, inashuka mguuni, inaingia kwenye mnara, na mnara unaipeleka kwenye zege. Rohde mwenyewe aliutaja mnara huo kuwa wa futi 46 hivi, karibu mita 14. Sasa mfikirie mtu anayetaka kung'oa mnazi. Hausukumi kwenye shina, anafunga kamba juu kileleni. Kila tani inayosukuma ubavuni huko juu, mguu wa mnara unaipata imezidishwa kwa urefu wote huo.

Ingekuwa mara moja, isingekuwa shida. Lakini chukulia treni moja kila dakika kwa saa kumi za siku: ni mara 600 kwa siku, zaidi ya laki mbili kwa mwaka, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Sisi mafundi tunauita uchovu wa chuma. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje mara moja, utakunjika na hauna neno. Ukunje huku na huku mara ishirini, utakatika mkononi bila wewe kutumia nguvu zaidi ya ile ya mara ya kwanza. Chuma kinene kinafanya vivyo hivyo, ila kinachukua muda, na kinaanzia mahali padogo.

Nataka uone hapo mahali padogo panavyokuwa, kwa hiyo niruhusu nikusimulie. Nimefanya kazi na mashine za haidroliki kwa miaka thelathini na moja, sehemu kubwa bandarini. Siku moja dereva wa winchi alikuja kulalamika kwamba mkono wa mashine yake "unagonga kidogo" anaposhusha mzigo. Tukapima presha, sawa. Tukaangalia silinda, hazivuji. Mafuta masafi. Vijana wakataka kumwambia mzee wa watu akapumzike. Nikawaambia tuangalie pale chini, mkono unapoungana na mwili. Tukasugua kwa brashi ya waya mpaka rangi ikatoka na chuma kikang'aa. Tukapulizia wino mwekundu, tukasubiri dakika kumi, tukaufuta wote kwa kitambaa. Kisha tukapulizia ule unga mweupe, chuma kikawa kama ukuta uliopakwa chokaa. Tukakaa kimya. Polepole, pembeni mwa mshono wa kuchomelea, ukajitokeza mstari mwekundu mwembamba kama unywele, urefu wake kiganja cha mkono. Wino ulikuwa umeingia ndani ya ufa na sasa unga unaunyonya kutoka nje. Yule dereva aliutazama akaniambia, "Nimebebea watu mizigo juu ya vichwa vyao na kitu hiki." Mashine haikuwa na ubaya wowote isipokuwa pale ilipokalia.

Ndiyo maana nasema yule shabiki wa kwanza yuko karibu na ukweli. Miaka yote hii yamekuwa yakizunguka maelezo mawili: kwamba kiunzi cha chuma kilianza kuachia, au kwamba zege la msingi lilipasuka. Aliyesema hadharani akiwa anajua anachokisema ni Rohde, mwaka 2013, kwenye mkutano wa mashabiki wa Disney uitwao D23 huko Anaheim, California. Alieleza kwamba Yeti ni mashine kubwa na tata iliyokaa juu ya mnara mrefu katikati ya jengo lililokwisha kumalizika, kwamba wamejaribu njia kadhaa na hakuna iliyofika kwenye kiini cha tatizo, kisha akaapa kwamba iko siku atamtengeneza. Msikilize kwa sikio la fundi. Hakulalamikia kompyuta, hakulalamikia silinda wala pampu. Alitaja mnara, na akataja jengo. Mimi nasoma hapo kwamba Yeti mwenyewe anatengenezeka, ila kinachombeba hakistahimili tena mikiki yake, na kukifikia hicho ndiko kazi ilipo.

Watu wengi wanapokwama ni hapo penye "jengo lililokwisha kumalizika", kwa hiyo nikae hapo kidogo.

Niliwahi kuitwa kwenye hoteli moja mjini ambako jenereta kubwa lilikuwa limewekwa chini ya jengo. Crankshaft, ile shafti kuu ya injini, imekufa, lazima itolewe. Spea imefika, mafundi wapo, kazi yenyewe ya siku mbili. Tukapima: shafti ni ndefu kuliko mlango, na ili kuivuta itoke kwenye injini inahitaji nafasi ya urefu wake mwenyewe mbele ya injini, na mbele ya injini kuna ukuta. Wakati wa ujenzi jenereta liliingizwa kwanza kwa winchi, ukuta ukajengwa baadaye, na nyuma ya ukuta ule wakaweka jiko la hoteli. Hakuna aliyekosea siku ile. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri na kwa wakati. Lakini hakuna aliyejiuliza hiki kitu kitatokaje. Siku mbili za kazi zikawa wiki tatu, na wageni juu wakala chakula kutoka nje.

Sasa likuze hilo mpaka liwe mlima. Mlima wa Everest una chuma cha tani 1,800, umefunikwa kwa saruji iliyochongwa na kupakwa rangi kwa mkono hadi ikafanana na mwamba. Ndani yake reli imejizungusha kama nyoka. Katikati ya hayo yote ndiyo umesimama mnara. Yeti mwenyewe wanaweza kumfikia: ngozi yake yenye ukubwa wa futi 1,000 za mraba imefungwa kwa zipu 250 na vifungo vya kubana 1,000, fundi anafungua sehemu anayotaka, anabadilisha mpira wa mafuta, anafunga, anakwenda zake. Walifikiria hilo vizuri sana. Lakini huwezi kufungua zipu ukafika kwenye msingi. Kuimarisha mguu wa mnara wa mita 14 wenye mzigo juu yake kunataka kwanza uupunguzie mzigo, na kuupunguzia mzigo kunataka winchi, na winchi inataka uwazi juu. Uwazi hakuna. Itabidi ukate mlima, na ukishaukata treni haiendi, na ukimaliza itabidi uujenge tena ufanane na jana.

Hapo ndipo ile robo ya haki ya shabiki wa pili inapoingia. Usiniambie kampuni ile haiwezi. Waliojenga mlima wanaweza kuufungua mlima. Swali ni nani atakubali kuandika barua ya kufunga moja ya vivutio vinavyopendwa kuliko vyote pale kwa muda mrefu, wakati vivutio vikubwa vya bustani hiyo vinahesabika kwa vidole. Ukifunga kimoja, watu waliolipa tiketi wanahamia kwenye foleni za vingine, na foleni iliyokuwa ya saa moja inakuwa ya mbili. Wakati huohuo treni inakwenda, watu wanapiga mayowe, wanashuka wanacheka, wanarudi kupanga foleni. Kwenye daftari la mhasibu hakuna safu ya "Yeti hakusogea". Mwaka 2022 walikifunga kivutio kuanzia Januari hadi Aprili kwa matengenezo. Mashabiki wakasali. Kilipofunguliwa, taa zilikuwa zile zile, na yeye alikuwa pale pale. Na Rohde, aliyeapa, alikuwa amekwisha kustaafu mwanzoni mwa 2021 baada ya miaka 40 ya kazi.

Nikuonyeshe mambo yalivyokwenda mahali palipokuwa na mlango. Huko huko Orlando, kampuni ya Universal walifungua mwaka 1990 kivutio cha mashua na papa, Jaws. Papa wale wa mashine walisumbua tangu siku ya kwanza: mashine ndani ya maji ni mateso, niulize mimi niliyefanya kazi kando ya bahari. Mwaka ule ule wakakifunga. Wakakisuka upya, wakabadilisha hata matukio yenyewe, kikarudi 1993, kikafanya kazi mpaka mwanzoni mwa 2012. Miaka mitatu ni mingi kwa mfanyabiashara, lakini lile lilikuwa ziwa lililo wazi juu. Unakausha maji, unaingiza winchi, unang'oa papa wako, unaweka mwingine. Hakuna paa la kukata.

Na kwa ajili ya mjukuu wangu, mpe hadithi ya mzimu wa sanduku la kofia. Disneyland ya California ilipofungua jumba lake la mizimu, Haunted Mansion, Agosti 1969, ndani mlikuwa na mzee mmoja mwenye kofia ndefu, ameshika sanduku la kofia mkononi. Mchezo ulikuwa hivi: kichwa chake kinatoweka shingoni, papo hapo kinatokea ndani ya sanduku, kisha kinarudi. Ilifanywa kwa mwanga tu, taa ya kichwa inazimwa na ya sandukuni inawashwa. Lakini ndani ya chumba mlikuwa na mwanga mwingine wa ziada, na kichwa kilichotakiwa kitoweke kikaendelea kuonekana pale pale shingoni, kinafifia tu. Walijaribu, wakashindwa, na muda mfupi baada ya ufunguzi wakamwondoa. Mashabiki hawakumsahau. Walimchora, wakamsimulia watoto wao, wakaomba. Mei 2015 akarudi, safari hii kwa ufundi mpya, na kichwa chake kinahama bila kasoro. Ni karibu miaka 46. Sikwambii haya ili ukae kitako ungoje miaka 46. Nakwambia ili ujue kwamba ndani ya kampuni hizi kuna watu wanaobaki na deni moyoni, na mara nyingine deni hilo hulipwa na watu ambao siku ya kukopa hawakuwa wamezaliwa.

Tofauti yake na Yeti ni kwamba mzimu ulikuwa tatizo la mwanga, na mwanga ulisubiri teknolojia. Yeti hasubiri teknolojia. Anasubiri uamuzi.

Kuhusu taa zile za kumweka, nisiwadharau waliozibuni, kwa sababu waliokoa jahazi kwa kitu walichokuwa nacho mkononi. Ufundi wake ni huu: kila mmweko unalipa jicho picha moja tu, na kabla ya mmweko unaofuata treni imeshasogea. Jicho linapata picha ya mnyama kutoka pembe hii, halafu kutoka pembe ile, na ubongo unaziunga na kusema kasogea. Mtu mzima anayepanda mara ya kwanza, macho nusu yamefumba, anadanganyika kabisa. Mtoto aliyekodoa macho tangu juu, kwa sababu amesoma vibao vyote, hadanganyiki. Ulichokisikia kwa mwanao ni jicho lililokuwa linafanya kazi yake sawasawa.

Uniulize ningefanya nini mimi. Nisingejaribu kumrudisha Yeti wa 2006. Ule ulikuwa mzigo mzito mno kwa mguu wake, na kuurudisha vilevile ni kurudia hesabu ile ile. Ningempunguzia uzito kwanza: mkono mpya wa nyenzo nyepesi, kifua kitulie kabisa, kiuno kitulie. Ningeacha kichwa kigeuke kuifuata treni, na mkono mmoja ushuke na kusimama taratibu, bila kukwepua. Sanamu nyingi mpya siku hizi zinaendeshwa kwa mota za umeme badala ya mafuta, na mota ya umeme unaweza kuipangia isimame kwa upole kuliko silinda kubwa inavyopenda. Nusu ya mwendo ule wa zamani ingetosha, kwa sababu mnyama aliyegeuza kichwa na kukutazama anatisha kuliko anayerusha mikono. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ingefanywa usiku, kupitia zipu zilizopo, na msingi ungepata mzigo unaouweza. Najua wapo mashabiki watakaosema huo ni unyonge, wanataka Yeti kamili au wasipewe kabisa. Ninaelewa uchungu wao. Lakini nimetengeneza mashine nyingi ambazo mwenyewe alitaka zirudi kama mpya, na nyingi kati ya hizo zingefanya kazi leo kama angekubali zirudi kwa robo tatu.

Na hao mashabiki, usiwaone watu wazima wanaolilia sanamu. Wamekumbuka ahadi ambayo aliyeitoa angependa isahaulike. Bila wao, yule mzee wa sanduku la kofia angekuwa picha ya zamani kwenye kabati la ofisi.

Mkirudi pale, mwambie mjukuu wangu afanye mambo mawili. Treni ikisimama gizani baada ya kurudi kinyumenyume, atazame vizuri ukutani: kile kivuli cha Yeti anayeng'oa reli bado kinafanya kazi yake, na kimefanyiwa ufundi mzuri sana. Halafu mkishashuka, muutazame mlima kwa nje kutoka kila upande mnaoweza kuufikia. Kama iko siku wataamua kumfikia yule mnyama, huko ndiko kazi itakapoanzia, na mtaiona kabla haijatangazwa: winchi ndefu imesimama, na sehemu ya mwamba imetobolewa. Siku mtakayoiona, niandikie siku hiyo hiyo.